Jino Kwenye Kochi la Ofisi ya Catlow

Tangu alfajiri ya Alhamisi ile makalio ya Ozella Tubbs yalikataa kiti. Alikunywa kahawa amesimama, akavaa viatu huku anatembea, na alipoingia kwenye gari la Wakili Broome alifungua mkanda mara tatu kabla hawajafika barabara kuu, mara anatafuta miwani, mara pipi zake za mnanaa, mara hajui anatafuta nini.

"Bi Tubbs," wakili alisema bila kugeuza shingo, "kama umekalia siafu niambie, nisimamishe gari."

"Nisimamishie Ijumaa," Ozella akajibu. "Hiyo ndiyo inayonitambaa."

Ijumaa ilikuwa siku ya jaji. Miaka minne nyuma Idara ya Watoto ya jimbo lao ilishitakiwa. Watoto iliowatoa kwa wazazi wao, badala ya kuwapeleka kwenye nyumba za walezi, ilikuwa ikiwalaza ofisini, juu ya makochi na chini ya meza, kama mafaili yaliyokosa kabati. Idara ikaapa kujirekebisha. Jaji, mwanamke asiyedanganyika kwa pipi, akamteua Wakili Thaddeus Broome awe mwangalizi. Asiwe mtu wa Idara, asiwe mtu wa walioshitaki, awe jicho tu.

Miaka ikapita, mambo yakanyooka moja moja, likabaki sharti la mwisho. Ofisi zote za jimbo zipitishe miezi sita bila mtoto hata mmoja kulala humo. Zikipita, kesi imekwisha, Idara iko huru, mwangalizi anafunga mkoba na hakuna wa kuuliza tena. Akipatikana mtoto mmoja, miezi inaanza upya, na mtoto huyo apewe nyumba yenye kitanda ndani ya siku mbili, kwa saini ya mkurugenzi mwenyewe.

Miezi sita ilikuwa inatimia kesho. Ofisi zote sufuri. Ilibaki kukaguliwa Catlow.

Catlow Ozella aliijua kama kiganja chake. Aliendesha basi la shule pale miaka ishirini na sita. Nusu ya wazazi wa wilaya ile aliwahi kuwafuta kamasi, na nusu nyingine aliwahi kuwatishia kuwashusha njiani. Alipostaafu, Wakili Broome alimchukua amsaidie kusoma mafaili na kuzunguka ofisi, maana wakili mwenyewe alikuwa na digrii tatu na hakujua mtoto ananuka nini. Siku ya kwanza alimfundisha amri tatu, na mpaka leo huzirudia kila wanapokaribia mlango wa ofisi: usiguse, usibebe, usiahidi. Mwangalizi akishika kitu, Idara itasema alikuja nacho kwenye pochi.

"Na kunusa?" Ozella aliuliza wakishuka garini.

"Kunusa hakukatazwi."

"Mungu mkubwa."

Kilichomuudhi zaidi ni ile barua. Kwa makubaliano ya mahakamani, mwangalizi sharti aijulishe ofisi siku mbili kabla ya kufika. "Tunapiga honi kutoka mbali," Ozella alizoea kumwambia, "halafu tunashangaa kuku hawapo barabarani."

Mlangoni yaliwapokea meno ya Wynette Crabtree, mkuu wa ofisi ya Catlow. Meno yalikuwa yanacheka, macho hayakuwemo kwenye shughuli hiyo. Yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelala kwenye basi. Ozella alimfahamu tangu ana miaka saba, kiti cha tatu kutoka nyuma, upande wa dirisha. Sasa wanaimba kwaya moja kanisani, bega kwa bega, kitabu kimoja cha nyimbo watu wawili, kwa kuwa Wynette husahau miwani kila Jumapili.

"Karibu Wakili. Bi Ozella, umependeza!"

"Na wewe, mwanangu. Umelala?"

"Nimelala."

"Wapi?"

Wynette akacheka kidogo, kicheko cha mlango unaofungwa haraka. "Bi Ozella na maneno yake!"

Ofisi ilinuka dawa ya limau mpaka pua ikawasha. Sakafu ilikuwa inang'aa, vikapu vya taka vitupu. Lakini chini ya limau, pua ya Ozella ikakamata harufu nyingine, tamu, ya uvivu: asali ya mti, ile wanayomwagia watoto juu ya chapati za maji asubuhi. Wafanyakazi wa Catlow hula andazi wima huku simu iko begani. Ni nani basi aliyekaa hapa akalowesha chapati?

Wakili Broome aliingia chumba cha mikutano, akateremsha madaftari yote kabatini, akayapanga viti vitano vikajaa, kila kiti mwezi wake, akatangaza kwamba mpangilio huo asiuguse mtu. Yeye akakaa kiti cha sita, daftari la mwezi uliobaki likiwa mkononi, akaanza kufunua kurasa. Sufuri. Sufuri. Sufuri.

Ozella akaenda dirishani. Akarudi. Akaenda msalani, akarudi amekunja uso.

"Wynette, kile kigoda mbele ya sinki ni cha nani?"

"Cha kufikia taa, Bi Ozella."

"Taa yenu iko magotini?"

Wynette akasema kuna simu inamwita, ingawa hakuna simu iliyolia.

"Bi Tubbs," wakili akasema, kalamu imesimama hewani. "Unanitia kizunguzungu. Kaa."

"Nakaa."

Palikuwa na kochi moja tu, la bluu, ukutani nyuma ya wakili. Ozella akakaa. Na mkono wa mtu aliyesafisha viti vya basi la shule miaka ishirini na sita haujui kukaa kwenye kochi bila kuingia katikati ya mito. Huko ndiko alikokuwa akitoa penseli, ubani uliotafunwa, viatu vya mguu mmoja, na siku moja chura mzima mwenye afya njema. Mkono ukaingia wenyewe, bila kumwomba ruhusa. Ukatoka na karatasi laini ya msalani iliyoviringwa, na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

Ndani ya ile laini mlikuwa na jino. Dogo, jeupe, lenye doa la damu kwenye mzizi.

Akafungua barua. Juu kwenye pembe, kama walimu wa darasa la kwanza wanavyowasumbua watoto wafanye kwenye kila karatasi, palikuwa na jina na tarehe. Delphie. Jumanne, tarehe 12 Novemba. Chini yake, herufi zimelewa kila moja kwa upande wake:

*Malaika wa Meno. Siko nyumbani. Nalala ofisini kwa Bi Wynette. Ni chumba cha meza kubwa kochi la bluu. Usimkanyage Tobin yuko chini ya meza. Bi Wynette analala kitini anakoroma usiogope. Jino ni la mbele. Asante.*

Kila mtoto wa kwao anamjua huyo malaika. Jino likitoka unaliweka chini ya mto, naye anakuja na mabawa yake ukiwa umelala, analichukua na kukuachia hela. Kila mama anajua pia kwamba malaika huyo huvaa ndala na kujikwaa kwenye kitanda. Lakini huyu wa Delphie hakufika. Jino lilikuwa bado liko.

Ozella akavifunga vyote viwili ngumini. Mbele yake ulikuwa mgongo wa wakili, na mkononi mwake amri mbili zimeshavunjika kwa pigo moja: ameshika, na amebeba. Akipaza sauti sasa, mawakili wa Idara watacheka mpaka walie. Kikongwe gani huyu anayetembea na meno ya watoto?

Akatoka polepole, ngumi imefungwa, akamkuta Wynette kwenye kijichumba cha jiko la ofisi anaosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi.

"Delphie ni nani?"

Kikombe kikasimama. "Nani kakwambia?"

"Jino lake."

Akafungua kiganja. Alitegemea Wynette abishe, au aanguke. Wynette akalidaka lile jino kama mtu aliyeona pete yake ya ndoa kwenye taka.

"Lilikuwa wapi? Bi Ozella, nimelitafuta siku mbili! Nimefagia, nimeinua meza. Mtoto halali, anasema malaika atakuja hapa asimkute, atadhani amemdanganya."

"Na yeye yuko wapi?"

Wynette akatazama sinki. "Gesti. Kule barabara kuu, wilaya ya pili. Wote watatu."

"Gesti."

"Gesti si ofisi. Makao makuu ndio waliosema. Barua yenu imeingia Jumanne mchana, saa kumi na moja gari likaja kuwachukua. Hata juisi yake hakumaliza."

"Na Ijumaa ikipita?"

Wynette akafungua bomba, akalifunga.

"Wanarudi kochini," Ozella akamjibia.

"Ningewapeleka wapi? Hebu niambie! Usiku kumi na moja nimekaa nao. Nimepiga simu mpaka sikio likaota joto, kila mlezi kajaa, kila mlezi anaumwa, kila mlezi ana wageni. Mito nimenunua mimi. Chapati nimepika mimi, kwenye hili jiko dogo la umeme linalonirusha. Makao makuu wakaniambia andika sufuri. Nikiandika kumi na moja, Jumatatu meza yangu ina mtu mwingine, na huyo mtu, Bi Ozella, hatawapikia chapati." Akanyoosha mkono wenye jino. "Niachie. Nampelekea leo hii. Naweka hela chini ya mto, analala. Hakuna aliyeona."

Ozella alizunguka jikoni mle, hatua tatu kwenda, hatua tatu kurudi, kama mbuzi wa kamba fupi.

"Ulishanificha siku moja," Wynette akasema kwa sauti ndogo. "Unakumbuka."

Alikumbuka. Wynette wa miaka saba, asubuhi ya baridi, amejikojolea kwenye kiti cha tatu kutoka nyuma, macho yametoka, na watoto wa nyuma wameanza kunusanusa. Ozella alisimamisha basi, akaenda nyuma na kikombe chake cha kahawa, akajikwaa kwa makusudi, kahawa yote ikamwagikia kiti na gauni la mtoto. "Jamani, mikono yangu mibovu!" alipiga kelele. "Sogeeni wote mbele." Hakuna aliyejua mpaka leo, isipokuwa wao wawili.

"Nilikufichia aibu," Ozella akasema. "Na jioni nilikushusha mlangoni kwenu, mama yako amesimama na khanga ya kukufutia. Huyu wa sasa nimshushe wapi?"

"Maneno mazuri hayo. Kwa nani utamshusha wewe?"

"Mkurugenzi atamtafutia. Ana siku mbili. Mtu akiwa na siku mbili na jina lake liko chini ya karatasi, walezi wanapona ghafla na wageni wao wanaondoka."

Wynette akampa mgongo. "Basi nenda. Nenda kamwambie Wakili wako."

"Siwezi. Nimeshashika."

Akachukua jino kutoka kiganja cha Wynette, kiganja hakikukaza wala hakikuachia, akalifunga tena kwenye karatasi yake. Kisha akamimina kahawa kwenye kikombe kikubwa kuliko vyote, akajaza mpaka ukingoni. Wynette akageuka akaona kile kikombe. Akasogea, akampisha njia.

Chumbani wakili alikuwa amefika mwezi wa mwisho. Ozella akapita nyuma yake, akainama kwenye kochi kana kwamba anatafuta miwani, na alipoinuka barua na jino vilikuwa vimerudi pale vilipotoka, ila sasa pembe moja ya barua ilichungulia katikati ya mito kama ulimi wa mtoto mkaidi. Kisha akamsogelea wakili.

"Nimekuletea kahawa, Wakili."

"Sijaomba ka—"

Ilimwagika yote. Ozella alikuwa fundi. Daftari halikupata hata tone. Wakili aliruka kama kuku aliyekanyagwa, kiti cha sita kikawa dimbwi.

"Bi Tubbs!"

"Jamani, mikono yangu mibovu."

Mlangoni, Wynette Crabtree alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio.

Wakili akatazama viti vitano. Kila kimoja kimebeba mwezi wake, na mpangilio alioupiga marufuku ni wake mwenyewe. Kochi alilidharau siku zote. Kochi ni la wanaongoja, alizoea kusema, si la wanaofanya kazi. Akasimama kidogo na daftari lake. Mguu ukamchoka. Akakaa.

Karatasi ikalia chini yake. Akaichomoa, na kile kifungu laini nacho kikafuata.

"Nini hiki?"

"Sijui, Wakili," Ozella akasema, ameangalia dari. "Mimi siruhusiwi kugusa."

Akasoma. Akasoma tena. Akavua miwani, akaifuta, akasoma mara ya tatu, safari hii kidole kiko kwenye ile pembe yenye jina na tarehe. Akafunua daftari la Novemba. Jumatatu, tarehe 11: sufuri. Jumanne, tarehe 12: sufuri.

"Bi Crabtree. Delphie ni nani?"

Uongo ulikuwa tayari. Ozella aliuona umekaa kwenye ulimi wa Wynette, umevaa na kuchana nywele: mtoto wa mfanyakazi, alikuja kucheza, watoto bwana, wana mambo. Wakili angeuandika kama ulivyo. Kesho jaji angegonga nyundo yake, na keshokutwa Delphie angekuwa kwenye kochi hili hili, na hakuna barua ya mwangalizi ambayo ingeingia tena Catlow.

"Naomba niisome," Wynette akasema.

Wakili akamwonyesha bila kuiachia. Wynette hana miwani, akaisogelea mpaka pua ikakaribia karatasi. Midomo ilimcheza akisoma. Alipofika karibu na mwisho akasimama.

"Nakoroma?"

Akausoma mstari ule tena.

"Kumbe nakoroma," akasema, na machozi yakaanza kumtoka bila ya yeye kuyashughulikia. "Na hajaniambia. Kila asubuhi nikimuuliza umelalaje, ananiambia vizuri, Bi Wynette." Akavuta kiti cha dimbwi la kahawa, akakalia dimbwi na sketi yake. "Andika, Wakili. Usiku kumi na moja. Watoto watatu. Nitakupa na majina."

Aliandika. Ilichukua saa nzima, na saa nzima hiyo Ozella alizunguka meza mpaka wakili akaacha kumkataza. Mwisho wakili akatoa mfuko wa plastiki wa kuwekea vielelezo, barua ikaingia, na jino nalo likaingia.

"Hapana," Wynette akasema. "Barua chukua. Jino ni la mtoto. Anamsubiri malaika."

"Vimepatikana pamoja. Vitafika kwa jaji pamoja."

"Wakili," Ozella akasema, "nitamwambia nini mtoto? Kwamba malaika wake ameshikiliwa mahakamani?"

Wakili Broome aliligeuza jino kwa kidole ndani ya mfuko. Halafu, bila kumtazama mtu, akafungua mkoba, akatoa kitabu cha hati anazotoa kila anapochukua kitu cha Idara, akaandika kwa mwandiko wake ulionyooka kama mstari wa rula. *Imepokelewa kutoka kwa Delphie: jino moja, la mbele, katika hali nzuri. Litahifadhiwa na mahakama. Litakabidhiwa kwa Malaika wa Meno atakapofika kulidai.* Akagonga muhuri, akatia saini, akakunja ndani yake noti moja.

"Apelekewe leo."

"Wakili!" Ozella akashika kiuno. "Umeahidi!"

"Nimetoa hati, Bi Tubbs. Hati si ahadi." Lakini shingo yake ilikuwa imekuwa nyekundu.

Ijumaa jaji alisoma barua ile mwenyewe, kimya, ukumbi mzima ukimwangalia. Hakupiga makelele. Alisema tu kwamba miezi inaanza moja. Jumamosi kabla ya saa sita mchana saini ya mkurugenzi ilikuwa imekauka na watoto watatu wana nyumba. Walezi walikuwa wamepona ghafla, na wageni wao wameondoka.

Wynette hakufukuzwa, labda kwa sababu magazeti yalikuwa yanatazama. Alinyang'anywa ofisi, akawa ofisa wa kawaida wa kuzungukia watoto majumbani. Na Jumapili hakusimama upande wa Ozella. Alisimama mwisho wa mstari, na miwani yake machoni. Kumbe alikuwa nayo miaka yote. Ozella akashika kitabu peke yake, akafunua nyimbo mbili kwa pamoja, akaimba ubeti wa wimbo mwingine, na hakuona mahali pa kuuweka mguu wake wa kushoto.

Jumapili ya pili hali ile ile. Nyumbani alihamisha kabati, akalirudisha. Siku mia na sabini na kitu mbele, ofisi arobaini, honi ile ile ya barua.

Jumapili ya tatu alifungua kitabu cha nyimbo, akakuta karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Juu kwenye pembe, jina na tarehe.

*Malaika wa Meno. Nimepata karatasi yako yenye muhuri. Nimehama. Sasa nina kitanda ghorofani dirisha la kushoto. Tobin yuko nyumba nyingine lakini ana kitanda pia. Bi Wynette anakuja Jumatano. Jino la pili linacheza. Usichelewe tena.*

Ozella akaisoma, akaikunja, akaikunjua. Mwishoni mwa mstari Wynette alimkazia macho mchungaji kama mtu aliyekuwa na kiu ya neno kuliko siku zote. Mchungaji akaomba watu wakae. Kanisa zima likakaa, kwaya ikakaa. Wynette akaacha nafasi yake, akapita nyuma ya viti kwa kunyatia, akashukia pale pale pa zamani, upande wa kushoto.

"Kaa, Bi Ozella," akanong'ona. Miwani ilikuwa imerudi kwenye pochi. "Watu wanatutazama."

"Nakaa," Ozella akasema, wima vile vile, anahesabu kwa vidole ni siku ngapi mpaka Jumatano.